Alama za Mkono wa Kushoto

Kwaru. Kimya. Kisha kwaru tena, kama panya anayejaribu meno yake kwenye bati.

Ilikuwa alfajiri, giza bado limejaa chumbani, na aliyekuwa akikwaruza ni Mama Chiriku. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mwanawe akishindana na mfuniko wa kopo la dawa ya upele, mfuniko uliokuwa na ukaidi wake wa kila alfajiri, kana kwamba nao ulitaka kuachwa ulale. Balbu ilikuwa imeungua. Mumewe aliahidi kuleta nyingine, na ahadi hiyo ilikuwa bado iko njiani. Mwishowe mfuniko ukalegea na harufu ya kiberiti ikajaa chumba kizima.

"Simama, mama," alimnong'oneza mwanawe.

Mtoto akasimama juu ya godoro, macho ameyafumba, mgongo amempa mama yake. Alikuwa na miaka minne. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu anapoamka hadi anapolala mdomo wake haukupata likizo, na saa hiyo ya alfajiri ndiyo pekee ambayo nyumba ilikuwa ikimsikia akinyamaza. Mama alichomoa glavu zake kutoka mfuko wa koti la kazini, akazivaa kwa kupapasa. Muuguzi wa kliniki alimwonya kwamba upele huruka kutoka ngozi hadi ngozi, naye akiupata atarudishwa nyumbani na kiwanda. Basi kwa mkono wa kushoto alimshika mtoto juu ya kiwiko asije akaanguka kwa usingizi, na kwa mkono wa kulia akampaka dawa mgongoni, kiunoni, katikati ya vidole. Alipomaliza alizivua glavu, akazirudisha mfukoni, akamfunika mtoto, akambusu kipajini. Sebuleni wifi yake alikuwa tayari anakunja godoro lake. Waliagana kwa sauti za chini, na Mama Chiriku akatoka.

Kazi yake ilikuwa kuvionyesha visivyoonekana. Ndivyo alivyomweleza mumewe siku alipoajiriwa katika maabara ya kiwanda cha unga wa watoto, na mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, akacheka akasema kumbe ameoa mganga. Hakuwa amekosea sana. Unachukua kibao kidogo cheupe kilichopakwa ungaunga laini kama poda. Upande wa chini unadondosha tone la sampuli, dogo kama jicho la sisimizi. Unakisimamisha kibao ndani ya mtungi wa kioo wenye kimiminika kidogo, nacho kinapanda taratibu kama mafuta yanavyopanda utambi, kikivibeba vilivyomo ndani ya lile tone, kila kimoja kwa mwendo wake. Ukikitoa na kukikausha, huoni kitu. Cheupe pee. Mgeni angeapa kwamba hapakupita mtu.

Hapo ndipo zinapoingia dawa za rangi. Upo mtungi wa ayodini, ambao mvuke wake huchora madoa ya kahawia, halafu madoa yenyewe hukimbia usipowahi kuyazungushia penseli. Ipo permanganeti, inayopaka kibao chote rangi kali na kuacha njano pale penye kitu. Na ipo ninhidrini, ambayo wafanyakazi waliibatiza jina la Mmbea. Mmbea ndani ya chupa ni mpole, karibu rangi ya maji. Lakini ukimnyunyiza juu ya kibao na kukiingiza kibao kwenye tanuri, huropoka yote: kila palipokwenda vipande vya protini panageuka zambarau. Tena haropoki habari za unga peke yake. Hata jasho la mtu analisema. Anayekishika kibao kwa kidole kitupu atakikuta kidole chake kimetokea pale, mistari yote, zambarau. Mkemia, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kufungua milango, alikuwa na desturi ya kuvitundika vibao vya namna hiyo juu ya sinki ili mwenye kidole achekwe hadi jioni.

Ndiyo maana ya glavu. Mkono wa kulia unabonyeza chupa ya kunyunyizia, mkono wa kushoto umekamata kibao, na kwa kuwa kinyunyizio hakina macho, glavu ya kushoto hupata sehemu yake. Zamani glavu zilikuwa zikivaliwa siku moja na kutupwa. Mwezi ule stoo ilikuwa tupu, na kila mmoja alilinda jozi yake kama jino la mbele. Ukiiacha mezani, kesho huikuti. Mama Chiriku akawa anaondoka na zake, mfukoni mwa koti, zikiwa kavu na safi kwa kuzitazama. Mmbea akishakauka haonekani. Anangoja tu ngozi yenye jasho.

Haya yote aliyajua. Alikesha nayo kwenye masomo ya jioni, tumbo likiwa kubwa, akayajua kama anavyoijua njia ya kwenda kwake. Na bado.

Alama aliziona jioni, alipokuwa akimwogesha mtoto ndani ya beseni uani, kwa mwanga wa mwisho wa jua. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mwanzoni alidhani ni uchafu, akasugua. Hazikutoka. Akamgeuza mtoto kwenye mwanga. Zilikuwa nne kwa mbele, zimepangana, na moja nene kwa nyuma. Zambarau iliyokolea, rangi ya nyama iliyobanwa hadi damu ikalala.

"Nani alikushika hapa?"

"Wewe," alisema Chiriku, akipuliza povu la sabuni kiganjani.

Mama alicheka kidogo, kicheko kisicho na nyumba. Akabonyeza pole pole akamuuliza kama panauma. Hapaumi. Akamuuliza tena nani, na Chiriku, ambaye alikwisha kuhamia kwenye hadithi ya paka wa jirani, alijibu vilevile bila hata kumtazama. Basi Mama Chiriku akakumbuka jambo alilowahi kulisikia redioni, kwamba mtoto anayeumizwa humtaja yule asiyemwogopa. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya zile alama, kidole juu ya kidole. Zililingana. Hivyo ni mkono wa mwanamke, aliwaza, na ni wa kushoto, na mtu huyo alimkamata mwanangu kwa nyuma.

Kutoka jikoni ilikuwa inasikika sauti ya kisu kikikata vitunguu ubaoni, haraka haraka. Wifi yake. Alikuwa dada wa mwisho wa mumewe, amekuja kukaa nao tangu mama yao alipofariki, na ndiye aliyekuwa akibaki na Chiriku kutwa nzima. Kisu alikuwa akikishika kwa mkono wa kushoto, kama alivyoshika sindano, ufagio na kila kitu. Ulikuwa utani wao wa siku zote. Wifi husema mkono wa kushoto ndio ulioumbwa kwanza, ule wa kulia uliletwa baadaye kuja kusaidia, na Mama Chiriku humjibu kwamba basi msaidizi amempindua bosi. Jioni hiyo hakuna aliyetania. Mama Chiriku alimvisha mtoto gauni la mikono mirefu, akakaa mezani akala kidogo, na kila wifi alipomkatia mtoto mkate yeye alikuwa akiutazama ule mkono.

Alfajiri iliyofuata mfuniko ulikwaruza tena. Mama alimsimamisha mwanawe, akavaa glavu, na gizani akamshika palepale juu ya kiwiko. Alimshika kwa upole kuliko siku zote, kwa kuwa pale palikuwa na jeraha.

Jioni alama zilikuwa zimekolea maradufu.

Sasa hakuwa na shaka, alikuwa na hofu tu, na hofu ilimfanya aone vizuri mno. Aliona jinsi Chiriku alivyomkimbilia shangazi yake mlangoni, akasema ni kumbembeleza asimpige. Aliona jinsi wifi alivyozijua nyimbo zote za mtoto, akasema watu wabaya ndio wenye nyimbo. Alipopata ujasiri alimwonyesha wifi ule mkono, akamuuliza, sauti ikiwa imetulia kama maji ya mtungi, amepatwa na nini. Wifi alishtuka. Akaushika mkono wa mtoto akaugeuza huku na huku, akasema labda kalalia kitu, labda ni kamba ya bembea anayochezea kwenye uwanja wa chekechea ya mtaa, labda apelekwe kliniki. Labda zikiwa nyingi, aliwaza Mama Chiriku, ujue mtu anatafuta mlango wa kutokea.

Mwisho wa wiki makoti yote hubaki kiwandani yakafuliwe, na lake lilibaki na glavu zikabaki kwenye kabati lake. Siku hiyo ya mapumziko alimpaka mtoto dawa akiwa ameviringisha mfuko wa nailoni mkononi, akashinda naye nyumbani. Wifi alikuwa amekwenda kwa rafiki yake kushona sare, maana alikuwa amepata kazi ya kusaidia watoto katika chekechea hiyohiyo ya mtaa, na angeanza mwezi uliofuata. Mama Chiriku mwenyewe ndiye aliyemsemea kwa mwalimu wa chekechea. Jioni aliukagua ule mkono. Hapakuwa na alama mpya hata moja, na zile za zamani zilikuwa zimeanza kufifia pembeni. Siku wifi hakuwepo, mkono ulipumzika. Aliketi kwenye kigoda akashika tama. Alitaka sana iwe vingine. Alimpenda yule binti, ndiye aliyemshika mkono leba mumewe alipokuwa safarini, na alilia kimya kimya, machozi yakimwangukia mtoto nyweleni.

Kazi zilipoanza tena alama nazo zilianza tena.

Kilichobaki ilikuwa ni mtoto mwenyewe aseme. Kila jioni, beseni lilipojazwa, Mama Chiriku alikuwa akiinama na kuuliza. Alikuwa akiuliza kwa mapenzi, sauti ya asali. Nani alikubana hapa? Chiriku alikuwa akisema wewe, halafu akasema sijui, halafu akasema paka. Mama alikuwa akitikisa kichwa. Siyo paka, mama. Ni shangazi, siyo? Usiogope, hakuna atakayekukasirikia. Jioni moja, akiwa amechoka na maji yamepoa, Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Alifutwa, akakumbatiwa, akapewa biskuti. Jioni ya pili alikubali haraka zaidi. Jioni ya tatu Mama alimfundisha namna ya kusema mbele ya baba: asimame wima, mikono nyuma, asinong'one, maneno yatoke. Chiriku akasema. Alipata biskuti mbili.

Lakini baada ya hapo alianza kunyamaza. Yeye ambaye hata mlango alikuwa akiusalimia, sasa alikuwa akikaa na kidole mdomoni akiwatazama wakubwa mmoja mmoja. Mama aliuona ule ukimya akauongeza kwenye mzigo wa wifi yake.

Mumewe aliposikia aliketi, mikono yake yenye makovu ya cheche imelala magotini. Alimuuliza mkewe mara moja tu kama ana hakika. Akamwambia ana hakika. Basi akainuka akaenda kumpigia simu Kaka Mkubwa.

Kaka Mkubwa alikuwa ndugu yao wa kwanza, askari magereza, mtu ambaye kwa umri wake wote hakuwahi kupaza sauti na hakuhitaji. Neno la familia lilikuwa lake. Alisema atakuja kesho jioni, binti asitoke nje, na mwalimu wa chekechea aitwe asikie kwa masikio yake, kwa sababu mtu anayeumiza mtoto wa ndugu yake hawezi kukabidhiwa watoto wa watu. Likithibitika, binti ataondoka nyumba ile, na asitegemee mlango mwingine wa ukoo wao kufunguka. Baba Chiriku aliyaleta maneno hayo ndani kama mtu aliyebeba maji ya moto. Wifi alikuwa amesimama kizingitini, ameyasikia. Hakulia. Alimtazama Mama Chiriku akasema, "Wifi, mimi nikimshika huyu ni kwa kumbeba." Kisha akaenda kuikunja ile sare mpya, akaiweka chini kabisa ya begi.

Kesho yake Mama Chiriku alikwenda kazini mwili tu. Maabara ilikuwa na joto, matanuri yamewaka tangu asubuhi, na Mkemia alikuwa amevua koti lake amebaki na blauzi isiyo na mikono, akilalamika kwamba kiwanda kinapika wafanyakazi pamoja na unga. Mama Chiriku alinyunyiza Mmbea kwenye kibao kimoja, akanyunyiza kingine. Alikuwa anafikiria jioni. Alipogeuka alimwona Mkemia anarudi nyuma nyuma akiwa anacheka na mtu wa stoo dirishani, na nyuma yake mlango wa tanuri uko wazi, unapumua moto. Hakuita. Alirusha mkono wa kushoto akamkamata mkono, juu ya kiwiko, kwa nyuma, akamvuta. Mkemia aliyumba, akaona tanuri, akashukuru kwa vicheko, akasema leo kidogo wamle mkavu bila chumvi. Wakaendelea na kazi.

Baada ya chakula cha mchana Mkemia alikuja mezani kwake, amekunja uso kwa mzaha.

"Umeniokoa sawa, ila sikukuomba unipige muhuri," alisema, akaugeuza mkono wake.

Vidole vinne kwa mbele, vimepangana. Gumba nene kwa nyuma. Zambarau iliyokolea.

Mama Chiriku aliutazama mkono ule wa mtu mzima mnene mwenye furaha, mkono ambao hakuna aliyeuumiza. Mkemia bado alikuwa akisema, kwamba haitoki kwa sabuni, itabidi ingoje ngozi ijibadilishe, mumewe atadhani ana mchepuko mwenye wivu. Mama Chiriku hakuwa akisikia. Aliinua mkono wake mwenyewe wa kushoto, bado umo ndani ya glavu, akauweka juu ya zile alama, kidole juu ya kidole. Aliwahi kufanya hivyo. Alifanya hivyo uani, jua likizama, na jibu lilikuwa limelala chini ya kiganja chake.

Alitoka bila kuomba ruhusa. Alikimbia na koti lake jeupe, glavu amezitia mfukoni, kandambili za maabara zikipiga lami, watu wakimpisha wakidhani anakimbilia msiba. Njiani alikuwa anapanga maneno. Yalikuwa mepesi. Ni mimi. Ni glavu, ni dawa ya kazini, haina rangi mpaka ikutane na jasho, wifi hana kosa. Ukweli wenyewe, aliwaza akiwa anahema, hautahitaji nguvu. Watacheka. Atampigia wifi magoti, atalia, watacheka wote, na sare itatolewa chini ya begi ipigwe pasi. Aliamini hivyo kabisa. Alikuwa mtu wa kuamini.

Kaka Mkubwa alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, kofia yake ya kazi ameilaza gotini. Baba Chiriku alikuwa ukutani, macho chini. Mwalimu wa chekechea, mama mwembamba aliyejipaka manukato kwa ajili ya ugeni asioutaka, alikuwa kwenye ukingo wa kochi na mkoba umekaa mapajani. Wifi alikuwa sakafuni karibu na mlango, begi limemwegemea kama mtoto.

Mama Chiriku alisema yote. Aliyasema amesimama, pumzi zikimkatika, maneno ya maabara yakigongana na maneno ya nyumbani. Alichomoa glavu ya kushoto mfukoni akawaonyesha. Ilikuwa safi. Aliivaa, akajikamata mkono wake wa kulia juu ya kiwiko, akabana, akauachia, akawanyooshea wauone. Palikuwa na wekundu kidogo wa kubanwa, nao ukatoweka wakiwa wanautazama. Akawaambia wangoje, haiji papo hapo, itakuja baada ya muda. Sauti yake mwenyewe ilimfikia kama ya mwuza dawa wa barabarani.

Wifi alikuwa ameinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu jana uso ule ulikuwa na uhai.

Kaka Mkubwa aliipokea ile glavu, akaigeuza, akainusa, akaiweka juu ya kofia yake.

"Shemeji," alisema taratibu, "jana ulikuwa na hakika."

Alisema ndiyo, alikuwa na hakika, alikosea.

"Na usiku umelala nyumba moja na huyu na huyu." Alimwelekezea kidole mumewe, kisha wifi. "Leo umerudi na maelezo. Mimi nakaa na watu wenye maelezo kila siku ya kazi yangu. Nani amekuambia uje utuambie haya?"

Baba Chiriku aliinua kichwa akasema yeye hajamwambia kitu. Kaka yake hakumtazama. Alisema hamlaumu mtu kwa kumwonea huruma dada yake, damu ni damu, hata yeye anamwonea huruma. Ila mtoto naye ni damu. Mwalimu wa chekechea alikohoa, akasema kwa upole mwingi kwamba yeye hayuko hapo kuhukumu, ila wazazi wa watoto wake wakisikia hata fununu, hatabaki na mtoto hata mmoja. Halafu akaufunga mkoba wake, klik, ingawa hakuwa ameufungua kuchukua kitu.

"Basi tumuulize mdogo," alisema Kaka Mkubwa. "Wakubwa wana muda wa kupanga."

Katika mbio zake zote Mama Chiriku hakuwa amelifikiria hili. Alisema hapana. Alisema mtoto asiulizwe. Alisema haraka mno, na aliona jinsi kila mtu chumbani alivyomgeukia.

"Kwa nini asiulizwe?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyemtia hayo maneno mdomoni."

Kaka Mkubwa alimtazama, karibu kwa huruma. Alisema kwamba mama anayesema mwanawe ni mwongo ili kuokoa mtu mzima, huyo hajawahi kumwona. Akageuza uso kuelekea mlango wa chumbani, akamwita mtoto kwa sauti ileile isiyopanda.

Chiriku alikuja. Alikuwa amevaa gauni la mikono mirefu, nywele zimesukwa vizuri, na aliyezisuka mchana ule alikuwa ni shangazi. Alisimama katikati ya miguu ya wakubwa akawatazama mmoja mmoja. Kaka Mkubwa, baba mkubwa wake, alimpandisha mkono wa gauni hadi begani, pole pole. Zilikuwepo pale, tano, zimekolea kama zilizoandikwa upya asubuhi. Mwalimu alishusha pumzi. Baba mkubwa alimwambia asiogope, hakuna atakayemkasirikia, aseme tu nani alimbana hapa.

Yalikuwa maneno ya Mama, neno kwa neno, na Chiriku aliyatambua. Macho yake yalimtafuta mama yake. Mama Chiriku alikuwa akitikisa kichwa, machozi yanashuka, mikono yote miwili imenyooka mbele kama anayezuia mlango. Mtoto alimtazama kwa makini, akijaribu kuelewa amekosea wapi. Kisha akaelewa. Alikuwa hajasimama wima.

Alinyoosha mgongo, akaweka mikono nyuma, na kwa sauti kubwa, asinong'one, akasema:

"Shangazi ndiye aliyenibana."